Singapore kwa MRT, Johor Bahru kwa dakika tano: maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu za ukurasa wa safari zimekuja na swali moja kwa sura nyingi. Mtu akiwa na siku tatu Singapore, anaweza kuuzunguka mji kwa MRT, yaani treni za mjini, kisha akavuka mpaka kwa treni hadi Johor Bahru, Malaysia, na kurudi siku hiyohiyo? Anaweza. Njia yenyewe ni nyepesi. Kinachowaangusha watu ni mpangilio na karatasi. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Habari za kazi, wahariri. Nina siku tatu Singapore mwezi ujao. Rafiki yangu anasema nianze na mji, habari za mpaka niziulizie nikishafika. Ni sawa? (Msomaji, Arusha)

Si sawa. Tiketi ya mpaka itangulie, mengine yote yajipange kuizunguka.

Treni inayovuka inaitwa Shuttle Tebrau. Ni ya shirika la reli la Malaysia, KTM, na imekuwa ikifanya kazi tangu Julai 2015 kati ya Woodlands, kaskazini mwa Singapore, na kituo cha JB Sentral, mjini Johor Bahru. Safari ni dakika tano tu. Tiketi huisha mapema, hasa Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi, Jumapili jioni kwa wanaorudi, na likizo za shule za nchi yoyote kati ya hizo mbili. Ukienda dirishani siku ya safari unabahatisha. Nunua kwenye programu au tovuti ya KTM, ujaze jina na namba ya pasipoti kama zilivyoandikwa, na ununue ya kwenda na ya kurudi kwa mpigo mmoja. Wapo wanaonunua ya kwenda tu, kisha jioni wanajikuta Johor Bahru hawana kiti cha kurudia.

Nauli huwachanganya wengi: kutoka Woodlands ni dola 5 za Singapore, kutoka JB Sentral ni ringgit 5. Tarakimu ni ileile, sarafu mbili tofauti. Dola moja ya Singapore inapata zaidi ya ringgit 3, kwa hiyo kurudi kunagharimu chini ya theluthi ya kwenda. Mfumo haujakosea.

Chagua siku kati ya Jumanne na Alhamisi ukiweza. Na ukisoma mahali kwamba wikendi ya jimbo la Johor ni Ijumaa na Jumamosi, jua maelezo hayo yamepitwa na wakati. Tangu Januari 1, 2025 Johor imerudi kwenye Jumamosi na Jumapili.

Ratiba nayo imefuata mahitaji ya wafanyakazi. Maelfu ya watu wanalala Johor na kufanya kazi Singapore, ndiyo maana treni za kutoka JB zinaanza kama saa kumi na moja alfajiri na kufuatana karibukaribu, wakati ya kwanza kutoka Woodlands husubiri hadi kama saa mbili na nusu asubuhi. Mgeni anayelala Singapore anasafiri kinyume cha mkondo huo asubuhi, na hiyo ni nafuu kwake. Jioni pia wao wanarudi Johor, wewe unarudi Singapore.

Nimeona kwenye ramani kuna kituo cha MRT kinaitwa Woodlands. Nikishuka hapo ndiyo nimefika kwenye treni ya Malaysia? (Msomaji, Kisumu)

Bado. Hapo ndipo wengi wanapochelewea. Kituo cha MRT cha Woodlands, namba NS9 kwenye laini nyekundu, na kituo cha mpakani, Woodlands Train Checkpoint, ni sehemu mbili zilizoachana kwa zaidi ya kilomita moja. Kutoka NS9 unapanda basi kwenye stendi iliyopo hapohapo, kwa mfano namba 911 au 950, na kushuka kwenye kituo cha mabasi kilichoandikwa jina la kituo cha treni cha mpakani. Ukipitiliza utajikuta kwenye ukumbi wa uhamiaji wa wanaovuka kwa basi, ambao ni jengo jingine. Anayependa kutembea ashuke kituo kinachofuata akitokea mjini, Marsiling, NS8, kilicho karibu zaidi kwa miguu.

Hesabu muda kwa kurudi nyuma. Kutoka City Hall hadi Woodlands kwa laini nyekundu weka dakika 45. Basi na kulisubiri, dakika 20. Kufika kituoni kabla ya treni kuondoka, dakika 45. Kwa treni ya saa mbili na nusu, basi, uwe umeshapanda MRT mjini kabla ya saa moja kasorobo. Lango la kuingilia hufungwa dakika kadhaa kabla ya treni kung'oa nanga, na aliyechelewa tiketi yake imekufa.

Pale Woodlands unapita uhamiaji wa Singapore wa kutoka, hatua chache mbele unapita wa Malaysia wa kuingia, ndipo unapanda. Kwa hiyo ukishuka JB Sentral hakuna dawati tena, unatoka moja kwa moja. Kurudi ni tofauti: Malaysia wanakutoa JB Sentral, Singapore wanakupokea Woodlands. Ndiyo maana kurudi huhisiwa kirefu zaidi ingawa reli ni ileile. Treni inakukwepesha foleni ya magari barabarani, lakini foleni ya uhamiaji utaipanga kama wengine.

Hizo dakika tano zenyewe zitazame dirishani. Reli inapita juu ya tuta la Causeway, lenye urefu wa kilomita moja na kidogo, lililoanza kupitisha treni mwaka 1923. Kando ya barabara utaona mabomba makubwa ya maji yamelala sambamba na tuta. Ni maji ya Mto Johor yanayouzwa Singapore kwa mkataba wa 1962 unaokwisha 2061.

Karatasi gani zinahitajika? Mwenzangu aliruhusiwa kutoka Singapore vizuri, kurudi akasimamishwa. (Msomaji, Mombasa)

Kwa kawaida kuna sababu mbili za kusimamishwa wakati wa kurudi. Ya kwanza ni viza ya kuingia mara moja. Ukitoka kwenda Johor Bahru hata kwa saa tatu, umeitumia, na kurudi ni kuingia upya. Kama pasipoti yako inahitaji viza kwa nchi yoyote kati ya hizo, hakikisha ya Singapore ni ya kuingia zaidi ya mara moja kabla hujanunua tiketi ya treni.

Sababu ya pili ni fomu ya mtandaoni. Singapore inadai SG Arrival Card, ya bure, inayojazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Uliyoijaza ukija na ndege haifai tena ukitoka Johor, unajaza nyingine. Malaysia nayo ina yake, MDAC, ya bure vilevile na ya siku tatu vilevile, iliyoanza kudaiwa Januari 2024. Njia rahisi ni kuzijaza zote mbili jioni ya kuamkia safari: ya Malaysia kwa ajili ya asubuhi, ya Singapore kwa ajili ya kurudi. Tumia tovuti za serikali zenyewe. Ukiombwa kulipia fomu hizo, uko kwenye tovuti ya dalali.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Anayetoka nchi zenye homa ya manjano abebe kadi ya chanjo. Inaanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchomwa sindano, na ni ya maisha. Singapore siku hizi haigongi muhuri wageni, inatuma ruhusa ya kukaa kwa barua pepe. Isome siku iliyoandikwa.

Jambo la simu pia: karibu na mlango-bahari simu hurukia mtandao wa nchi ya pili bila kukuuliza. Piga picha ya tiketi na fomu kwenye skrini mapema, na uzime data kama huna kifurushi cha nchi zote mbili.

Nimesikia Singapore ina Wachina, Wamalay, Wahindi na wengineo wanaoishi pamoja. Kwa treni, nishuke vituo gani niuone mchanganyiko huo bila kuzunguka bure? (Mwalimu, Tanga)

Mwalimu, jambo la kujua kwanza: mitaa inayouzwa kwa watalii kwa majina ya makabila ni alama ya mpango wa mji wa 1822, enzi za Raffles, mtawala wa Kiingereza, uliompangia kila kundi eneo lake. Leo watu hawaishi hivyo. Wengi wanakaa kwenye maghorofa ya serikali, na tangu 1989 kuna viwango vya kila kundi katika kila jengo na mtaa ili kundi moja lisijikusanye peke yake. Kwa hiyo kuna safari mbili ndani ya moja: ya kuona majengo ya kale, na ya kuona watu wanavyoishi.

Ya majengo ianzie Chinatown, ambako laini ya zambarau na ya buluu zinakutana. Toka kwa lango A, utatokea Pagoda Street. Tembea hadi mwisho wake kwenye South Bridge Road. Hapo, katikati ya mtaa wa Wachina, upande mmoja wa makutano kuna Sri Mariamman, hekalu la Wahindu lililoanzishwa 1827 na Watamil, lenye mnara wa masanamu ya rangi juu ya mlango. Upande wa pili kuna Msikiti wa Jamae, wa Waislamu wa Kitamil pia, wenye minara miwili ya pembe nane. Mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo ni hekalu kubwa la Wabudha lililofunguliwa 2007. Dakika kumi za miguu, dini tatu.

Rudi kituoni, panda laini ya zambarau vituo vitatu hadi Little India. Soko la Tekka liko jirani: chini samaki, nyama na mboga, pembeni vibanda vya chakula. Nenda asubuhi, kwa sababu mchana meza nyingi za samaki zimeshaoshwa. Kutoka hapo ingia laini ya buluu vituo viwili hadi Bugis.

Bugis ndiyo tungeipa muda mrefu. Kwenye Waterloo Street, hekalu la Wachina la Kwan Im na hekalu la Wahindu la Sri Krishnan yako jirani. Simama mbele ya lile la Wahindu dakika tano uangalie: bibi wa Kichina anatoka kuomba kwa Kwan Im, anapita hapa, anachomeka ubani kwenye chungu kilichowekwa mlangoni, anainamisha kichwa na kuendelea na safari zake. Hawaigizi kwa ajili ya wageni. Kwenye barabara hiyohiyo ipo sinagogi ya 1878. Kisha tembea dakika kama kumi hadi Kampong Glam, mtaa wa kale wa Wamalay, kwenye Msikiti wa Sultan uliokamilika 1932. Angalia chini ya kuba la dhahabu: ule mkanda mweusi unaong'aa ni vitako vya chupa za kioo, vilivyotolewa na Waislamu wasio na uwezo ili nao wawe na mchango kwenye ujenzi. Usipange ziara ya ndani siku ya Ijumaa. Wasiovaa mavazi ya kusitiri huazimwa majoho mlangoni.

Ukitaka Wamalay walipo sokoni badala ya walipo kwenye kadi za posta, panda laini ya kijani kutoka Bugis vituo vinne hadi Paya Lebar, utembee hadi soko la Geylang Serai.

Safari ya pili ni nyepesi na wageni wengi huiruka. Siku ya kwenda au kurudi Woodlands, shuka Toa Payoh au Ang Mo Kio kwenye laini nyekundu, uingie ukumbi wowote wa vibanda vya chakula wakati wa mlo. Mchanganyiko unaouliza uko pale, mezani, kwa mavazi ya kazini na ndala. Pakiti ya tishu iliyoachwa mezani maana yake kiti kimeshikwa, usiiondoe. Trei unairudisha mwenyewe, ni sheria yenye faini. Anayekula halali atafute cheti cha MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore, kwenye kibanda. Malaysia ni cha JAKIM.

Kadi moja ya treni itatosha familia ya watu wanne? (Mama wa watoto wawili, Dodoma)

Hapana, mama. Kila mlipaji anagusa kadi yake kuingia na kutoka. Mtoto aliye chini ya sentimita 90 anapita bure akiwa na mtu mzima. Tiketi za safari moja za karatasi zilishaondolewa mwaka 2022, kwa hiyo kuna njia mbili. Kadi ya benki ya Visa au Mastercard yenye alama ya kugusa inafungua lango moja kwa moja. Iliyotolewa nje ya Singapore hukatwa senti 60 kwa kila siku unayoitumia, mbali na makato ya benki yako. Kadi ya EZ-Link ni dola 10, tano zikiwa thamani ya kadi ambayo hairudi, tano nauli. Kwa siku tatu, kadi ya benki ni nafuu kama benki yako haikamui kwenye kubadilisha fedha. Watoto wanunulie EZ-Link.

Mahali pa kukosea ni hapa: umegusa kwa kadi kuingia, unatoka kwa simu iliyounganishwa na kadi hiyohiyo. Mashine inaona wasafiri wawili tofauti, na utatozwa vibaya. Chagua kimoja, ushikilie hicho.

Kula na kunywa kwenye treni au kituoni ni faini hadi dola 500, hata maji. Doriani haliruhusiwi kabisa kwa sababu ya harufu. Kwenye ngazi za umeme simama kushoto. Kulia ni kwa wenye haraka, na wapo wengi.

Johor Bahru kuna nini cha kuona kwa miguu? Wengine wanasema ni maduka tu. (Msomaji, Kampala)

Wanaosema hivyo waliishia kwenye jengo la City Square, ambalo daraja la watembea kwa miguu kutoka JB Sentral linakupeleka moja kwa moja. Lipite, shuka Jalan Wong Ah Fook, vuka, uingie Jalan Tan Hiok Nee, Jalan Dhoby na Jalan Trus. Mji wa kale wote ni mdogo, na saa tatu zinautosha.

Kwenye Jalan Trus liko hekalu la kale la Wachina lenye miungu mitano, kila mmoja akitunzwa na jamii moja ya wahamiaji: Wateochew, Wahokkien, Wakantoni, Wahakka na Wahainan. Kwingine jamii hizo zilijijengea mahekalu tofauti. Hapa ziko chini ya paa moja, na ukifika mji huu wa mpakani usiondoke bila kuliona. Gurudwara ya Masingasinga iko barabara hiyohiyo, na hekalu la Wahindu la Rajamariamman si mbali. Jalan Tan Hiok Nee kuna tanuri la kuni la Hiap Joo, linalooka keki za ndizi. Jalan Dhoby kuna Salahuddin, duka la mikate la tangu 1937.

Viwili viko mbali kidogo, chukua teksi ya programu; Grab inafanya kazi nchi zote mbili kwa akaunti ileile. Kimoja ni hekalu la kioo la Rajakaliamman, kando ya reli, lililofunikwa vipande vya kioo kama 300,000. Kingine ni Msikiti wa Sultan Abu Bakar, uliojengwa 1892 hadi 1900, wenye minara inayofanana zaidi na minara ya saa ya Uingereza ya Malkia Victoria kuliko ya misikiti.

Badilisha fedha kidogo uwe na ringgit za taslimu. Vibanda vidogo havipokei kadi za kigeni. Kofia usiiache, njia za miguu hukatika ghafla na kivuli ni haba. Saa haibadiliki ukivuka.

Tiketi za treni zikiisha? Na ile reli mpya vipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Panda basi. Namba 950 inatoka Woodlands, 170 inapita Kranji. Basi linakushusha uhamiaji wa Singapore. Shuka na mizigo yote, usiache hata mwavuli, kwa sababu halikusubiri. Ukishapita panda jingine lenye namba ileile, ukigusa kadi ileile. Utaratibu unajirudia upande wa Malaysia. Ijumaa jioni kwenda na Jumapili jioni kurudi, foleni hula saa kadhaa.

Reli mpya, RTS Link, ni ya kilomita 4 kati ya Woodlands North, Singapore, na Bukit Chagar, Johor Bahru, yenye uwezo wa kubeba watu 10,000 kwa saa kila upande. Imepangwa kuanza kati ya mwisho wa 2026 na Januari 2027, na uhamiaji wa nchi zote mbili utafanyika mahali unapopandia, kwenda na kurudi. Makubaliano yanasema Shuttle Tebrau itasimama ndani ya miezi sita baada ya hapo. Kabla ya kununua, angalia ni treni ipi inayotembea mwezi wako. Woodlands North ni kituo kingine cha MRT, TE1, kwenye laini ya kahawia.

Nikitoka Johor naweza kurudi Singapore na zawadi gani? (Msomaji, Zanzibar)

Keki na mikate haina shida. Bigijii usiibebe. Sigara hata moja haina msamaha wa ushuru, unaitangaza na kuilipia; sigara za kielektroniki ni marufuku kuwa nazo. Pombe inayotoka Malaysia haipewi msamaha. Nyama na vitu vilivyotengenezwa kwa nyama viache hukohuko. Kwa aliyekaa nje chini ya saa 48, vitu vipya vikizidi thamani ya dola 100 za Singapore, kinachozidi kinalipiwa kodi. Ukiwa na shaka pita njia nyekundu ya forodha na uonyeshe mwenyewe kabla hujaulizwa.